Lubugo Katika Beseni la Mama

Majuzi, katika duka moja la kazi za mikono hapa mjini, nilichukua mkoba mdogo wa kahawia nikaunusa. Mwuzaji alinitazama kwa mashaka, maana wateja hupapasa mikoba, hawainusi. Ilikuwa ile harufu: moshi uliopoa, udongo baada ya mvua, na kitu kingine kama ndani ya sanduku la mtu wa zamani. Harufu ya lubugo, nguo ya gome la mti. Papo hapo nilikuwa tena Nateete, mtaa wetu kule Buganda, darasa la tano, na mama yangu ameinama juu ya beseni akitazama alichokifanya.

Niwaeleze kwanza habari za Mwalimu Nakato, kwa sababu bila yeye lubugo ile isingefika kwenye beseni letu. Alitufundisha kazi za mikono. Katika shule nyingine somo hilo lilikuwa kufuma vitambaa vya meza na kusubiri kengele, lakini yeye alisema mtoto hawezi kushona nguo asiyojua ilikotoka, kama vile huwezi kumkaribisha mgeni bila kumwuliza habari za kwao. Kwa hiyo tulishona historia. Kila mmoja wetu alitengeneza mwanasesere wa majani makavu ya mgomba, na mwanasesere huyo huyo akaishi maisha marefu kuliko binadamu yeyote. Alianza mwaka akiwa amefungwa kipande cha lubugo, akavishwa kanzu iliyofika Buganda na wafanyabiashara wa pwani, halafu gomesi yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Kitambaa chetu kilikuwa magunia ya unga yaliyochemshwa, na maandishi ya kiwanda hayakutoka yote. Mwanasesere wangu alivaa gomesi nzuri yenye alama ya kilo hamsini mgongoni.

Wavulana walishona pia. Mmoja alipolalamika kwamba sindano ni ya wasichana, Mwalimu alimtuma barabarani akaangalie wenye cherehani ni wanaume au wanawake. Alirudi akaomba uzi.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Mwalimu alitaka sisi wenyewe tuvae nguo hizo na kupita mbele ya wazazi, nyakati zikifuatana. Tulipiga kura kwa vikaratasi kutoka kwenye kofia. Rafiki yangu Nalubega alipata gomesi. Mimi nilipata lubugo, inayotangulia zote, na darasa likaangua kicheko.

“Muganda wa kwanza ni Mukongomani,” alisema mvulana wa nyuma, na hata Mwalimu aliuma midomo.

Mimi sikucheka. Tulikuwa tumetoka Bukavu, Kongo, nikiwa bado nabebwa mgongoni, lakini jina langu, Furaha, na Kiswahili cha nyumbani vilitosha watu waniulize kila siku mimi ni wa wapi. Nilitaka sana siku moja nipite mbele ya watu bila swali hilo.

Nalubega aliishi na bibi yake, ambaye sote tulimwita Jjajja, na Jjajja alikuwa na lubugo sandukuni. Hakuna aliyetarajia kwamba angeitoa. Aliitoa, kwa sharti kwamba irudi kama ilivyokwenda.

Nguo ilinizidi kimo, kwa hiyo niliipeleka nyumbani Mama anionyeshe namna ya kuikunja. Mama alikuwa fundi. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la vifungo, na wanawake walivuka Nateete nzima kumletea vitenge. Alikuwa na kanuni aliyoisema kama sala: kitambaa, kabla ya mkasi, kwanza maji. Kitenge kisipolowekwa kitakuja kusinyaa baada ya kushonwa, na mteja atarudi na kelele. Hakuna kitambaa kilichoingia kwetu kikakosa kupita katika lile beseni la bluu.

Nilikwenda kuteka maji bombani. Niliporudi, mikono ya Mama ilikuwa ndani ya povu.

“Mama, umefanya nini?”

“Nimeiloweka. Ilikuwa inanuka moshi. Halafu, kabla ya mkasi…”

“Haikatwi, Mama. Ni ya Jjajja wa Nalubega. Inakunjwa tu.”

Mama aliinua pembe moja ya nguo. Maji yalikuwa kama chai ya rangi, na pale alipokuwa amefikicha, vipande vilibaki vidoleni mwake. Alivitazama.

“Hii si kitambaa,” alisema polepole. “Hii ni mti.”

Asubuhi lubugo ilikuwa imekauka kwenye kamba, ngumu kama mfuko wa simenti, na katikati ina matundu ya kupitisha ngumi. Nilijua nimepoteza nguo, na nafasi ya kupita mbele ya wazazi, na pengine Nalubega. Mama hakwenda kwenye cherehani siku hiyo; alivaa kitenge chake kizuri, akaniambia, “Twende. Habari mbaya haitumwi mtoto.”

Njiani nilimwonya. Nalubega alikuwa ameniambia kwamba kwao Kiswahili hakisemwi. Kwa Jjajja, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari waliogonga mlango kwa kitako cha bunduki. Tatizo ni kwamba Luganda ya Mama ilikuwa bei za vifungo na salamu, basi.

Mlangoni Mama alipiga magoti kama alivyowaona wanawake wa pale wakifanya, akasalimu, akaiweka nguo mkekani. Luganda yake ikaishia hapo.

“Mama, nimeharibu nguo yako,” alisema kwa Kiswahili. “Niliiloweka kwenye maji. Mtoto hana kosa.”

Nalubega alifungua kinywa atafsiri. Jjajja akamzuia kwa mkono.

“Nimesikia. Hii Kiswahili mimi najua. Ila kusema, sipendi.”

Nalubega alimtazama bibi yake kana kwamba ameota pembe. Jjajja aliikunjua lubugo, akapitisha ngumi katika tundu moja, akaigeuzageuza kama mtu anayekagua soksi.

“Ulipiga sabuni?”

“Nilipiga, Mama.”

“Sabuni mingi?”

“Mingi.”

Mabega ya Jjajja yakaanza kutikisika. “Hii nguo niliweka ya kufa,” alisema. “Sasa imeoga kabla yangu.”

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Mama hakucheka. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka, nami nikadhani anaona aibu ya sabuni.

“Wewe fundi?” Jjajja aliuliza.

“Ndiyo, Mama.”

“Basi shona. Kulia haishoni.”

Akatuonyesha viraka vya zamani ambavyo sikuwa nimeviona. Gome likibanduliwa, kila mahali palipoota tawi pana tundu, na mtengenezaji huliziba kabla nguo haijavaliwa hata siku moja. Nalubega akaleta sindano nene, nyuzi za mgomba na mabaki ya lubugo. Mama alianza kwa ule mshono wake mdogo uliomletea wateja, na gome likapasuka.

“Ndogo ndogo hapana,” Jjajja alimkemea. “Kamata mbali. Hii si kitenge yako ya Kongo.”

“Na hii mishono mikubwa,” alinong’ona Mama kwangu, “wateja wangu wakiiona nimekwisha.” Lakini alikamata mbali. Walishona hadi jua likahama kutoka mlangoni, wakigombana kidogo kwa kila kiraka.

Siku ya wazazi nilitangulia wote. Lubugo iliniwasha mgongo mzima, na yule mvulana wa nyuma alisema inanuka sabuni, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwalimu aliwaomba wazazi watazame viraka, akasema huo ndio mshono mkongwe kuliko yote tuliyojifunza. Mama na Jjajja walikaa benchi moja. Mzazi mmoja aliuliza mtoto wa mbele ni wa wapi.

“Wa huyu,” Jjajja alijibu, akimgusa Mama bega. “Yeye ndiye aliosha nguo yangu.”

Nilikuwa sekondari Jjajja alipofariki. Tulikwenda na Mama, tukaketi na wanawake ndani. Ndugu walikuwa wameleta mbugo mpya, yaani lubugo nyingi, za kumzikia kama desturi ilivyo, na kabla ya hizo, igusane na mwili, ilitandikwa ile ya zamani. Mama aliniminya mkono. Mishono mikubwa ilionekana hata kutoka tulipokaa.

“Mshono wangu mbaya kuliko yote,” alinong’ona. “Na ndio anaokwenda nao.”

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini aliinama vile mkekani siku ile. Yeye alikuwa ameelewa mara moja. Mimi ilinichukua miaka. Jjajja alikuwa ameazimisha nguo yake ya kaburini ili mtoto wa jirani aitembeze kwanza kwenye jua, na ilipomrudia imetoboka, alitaka tu izibwe.

Mwuzaji alikuwa bado ananitazama. Nikalipa. Alipokuwa akifunga mkoba katika gazeti, aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni, “Mama, hii usioshe na maji.”

“Najua,” nilimwambia.