Salamu za Kupandia Mlima

Kila ninapopuliza chai ya moto, midomo yangu hujikunja kama ya mtu anayetaka kupiga mluzi, na papo hapo Bibi yangu Apolonia anakuwa mbele yangu kule Kirua Vunjo, kitenge kiunoni, anapuliza bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi, ambalo halipo.

Msicheke. Alifundishwa hivyo na nesi.

Bibi alikuwa amepikia kuni tangu alipoolewa, katika jiko lisilo na dirisha, na mapafu yake yalikuwa yamechoshwa na moshi. Asubuhi alituamsha kwa kikohozi kabla ya jogoo. Makohozi yalipopimwa, haikuwa kifua kikuu wala kitu cha kumwambukiza mtu, ila haukuwa ugonjwa wa kupona. Ilibidi ajifunze kuishi nao. Kazi ya kumfundisha aliichukua Nesi Aurelia wa zahanati, mwanamke mfupi, mcheshi, aliyefika kwetu Jumamosi viatu mkononi kwa ajili ya tope.

Kwanza alitufanya tuhamishie jiko nje, chini ya paa lisilo na kuta. Bibi alinuna siku kadhaa, akidai chakula kisicho na moshi hakina ladha. Kisha Nesi akaleta dawa ya kuvuta kwa mdomo, akatoboa chupa ya plastiki na kuichomeka humo, ili dawa imfikie kifuani isipotelee hewani. Bibi akaiita kiko chake, na majirani wakaulizana kama uzeeni ameanza tumbaku. Mwisho likaja somo la kupumua.

"Vuta hewa kwa pua, Bibi, halafu itoe polepole kwa mdomo, kama unazima mshumaa."

"Mshumaa ninaoujua mimi ni wa kanisani," Bibi akasema, "na siuzimi."

Nesi akafikiri kidogo. "Haya, basi puliza mtori wa moto."

"Hapo sawa."

Mwaka huo nilikuwa napokea Komunyo ya Kwanza. Kanisa lilikuwa juu, kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, chini, na Bibi hakuwa amekwenda kusali tangu Pasaka. Alitaka kuniona nikikomunika, nami sikutaka kukomunika bila yeye. Ila pikipiki aliikataa. "Nimepanda mlima huu na mikungu ya ndizi kichwani, leo nipakiwe kama gunia?" Habari ya kukaa chini njiani nayo hakutaka kuisikia. "Nikikaa kando ya njia watasema Apolonia kwisha." Bila kupumzika asingefika, na nyumba nzima tulilijua hilo. Mimi nilishajiandaa kulia.

Jumapili hiyo tulitoka mapema, wazazi wangu wakitangulia, nami nimeshika pindo la gauni langu jeupe lisiguse tope. Hatujavuka mfongo, ule mfereji wa maji unaokata njia, Bibi akaanza kuhema. Mara jirani yetu Mama Deo akatokea langoni kwake.

"Shikamoo Bibi! Ngoja nikwambie habari za ng'ombe wangu."

Bibi akasimama, akashika masale, mimea ya ua wa Mama Deo, akaanza kupuliza mtori wake. Mama Deo hakungoja jibu. Alieleza ng'ombe alivyozaa, ndama alivyo mkorofi, maziwa yalivyojaa, mpaka pumzi ya Bibi ikatulia. Tukaondoka. Pale njia inapoanza kusimama wima tukamkuta Mzee Fratern katika koti lake la Jumapili. Huyu kwa kawaida humtoi neno hata kwa koleo, lakini siku hiyo alitusimulia maisha yote ya mibuni yake, tangu kitaluni. Juu zaidi, mke wa katekista alikuwa na habari za binti zake wote, wa Majengo na walioolewa Holili.

Kengele ya kwanza ilishalia! Nilitamani kupiga kelele. Nikamvuta Bibi kitenge.

"Bibi, watu wa huku wanaongea sana!"

Bibi akamaliza kupuliza. "Polepole ndio mwendo," akasema. "Na habari zao ni nzuri."

Tulifika. Nilipogeuka kutoka altareni nikasikia kigelegele kimoja kikipaa, kikakatika katikati, kikafuatiwa na mtori ukipulizwa. Kanisa zima likacheka. Sijui kama nimewahi kufurahi tena vile.

Kesho yake Bibi alimbebesha baba mkungu mzima kwenda zahanati. Mimi alinituma na ndizi mbivu kwa Mama Deo, kwa Mzee Fratern na kwa mke wa katekista. Nilinung'unika njia nzima, nikihofia kusimuliwa upya. Ajabu, Mzee Fratern aliitikia shikamoo yangu, akapokea ndizi, akanyamaza.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Krismasi iliyopita, tuliporudi wote nyumbani kutoka mijini, nilikunywa chai na Mama Deo, sasa naye mzee, nikamtania kuhusu ng'ombe wake. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Wewe! Ni Nesi alitupanga. Alipita nyumba kwa nyumba, kila mmoja na kona yake. Akasema, 'Msimpe kiti, mpeni habari. Na msimuulize kitu, ongeeni ninyi.' Mzee Fratern, maskini, alifanya mazoezi kwa mkewe." Akaniinamia. "Bahati nzuri Bibi yako hakujua. Angetukasirikia sana."

Nikakumbuka zile ndizi. Majirani tulikuwa nao wengi, na wengi walitusalimia siku ile, lakini nilitumwa kwenye nyumba zile tu. Nikamtazama Mama Deo, alivyojivunia siri yake miaka yote hiyo.

"Hakujua kabisa," nikamjibu, nikapuliza chai yangu.