Hesabu za Saa Ndani ya Eda

Nilipokuwa nakaa eda nyumbani Mafiga, binti yangu alirudi na sapu, mtihani wa marudio. Mtihani wa nadharia ya namba aliufanya wiki ileile tuliyomzika baba yake, akafeli. Anasomea hesabu chuoni Dar, mwaka wa pili. Akifeli na huo wa marudio, anadisko, anaondolewa chuoni.

Mimi niliishia darasa la saba. Ila yeye alisema somo halimkai kichwani mpaka amweleze mtu, na mimi, mjane wa eda, sikuwa na pa kwenda. Basi kila asubuhi aliketi mkekani, akanieleza. Mengi yalinipita. Niliitikia tu, nikimfikiria marehemu.

Siku moja akaonyesha saa ya ukutani.

"Mama, yakipita masaa ishirini itakuwa saa ngapi?"

Mshale ulikuwa kwenye tisa. Nikasoma saa tatu asubuhi, kama tunavyosoma wote, nikahesabu kwa vidole. "Saa kumi na moja alfajiri."

Akatazama kitabu, palipokuwa na swali lilelile. "Humu jibu ni tano."

"Basi kitabu kimekosea."

Shangazi yake, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akadakia: "We mtoto! Mama yako yuko msibani, unamtahini? Tena aliyefeli ni wewe!"

Binti akatazama tena ile saa, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

"Hakijakosea, Mama. Chenyewe kimeanza na tisa, wewe umeanza na tatu. Tofauti sita mwanzoni, sita mwishoni."

Akasema hapo ndipo alipokuwa amekwama. Namba mbili zikigawanywa kwa kumi na mbili zikabakiza sawa, ukiziongezea zote sita, bado zitabakiza sawa. Hilo nililielewa. Lililofuata sikulielewa, nikamwambia hivyo, akalirudia mpaka shangazi akatuletea chai huku anaguna.

Alipokwenda kufanya mtihani sikuruhusiwa hata kumsindikiza stendi. Akarudi kusubiri nami. Matokeo yalipotoka alinisomea kwenye simu: C.

Nilishukuru Mungu. Nikaona pia kwamba sasa ataondoka.

"Basi lako saa ngapi kesho?"

"Saa moja, Mama."

"Ya kitabuni?"

"Ya kwetu."

Asubuhi nilibaki mlangoni, mwisho wa ruhusa yangu. Mlima ulio juu ya mtaa wetu ulikuwa na ukungu. Nikarudi ndani, nikaketi mkekani, nikatazama saa. Yakipita masaa manne, atakuwa Dar.