Mzee Niliyempa Shikamoo

Nina miaka sabini na moja, namshukuru Mungu kwa yote, lakini hili bado linanichoma. Rafiki yangu alinipigia simu: Wamormoni hapa Morogoro wanatafuta mtu wa kumfundisha Kiswahili mmisionari wao mgeni, Mzee Thomas. Maskini, nikawaza, uzeeni huko ndipo aanze lugha mpya! Nikamwomba mke wangu apike uji laini, nikaweka mto kwenye kiti.

Hodi ilipopigwa nilikuwa chumbani nafunga vifungo vya shati.

"Nani?"

"Mzee Thomas."

"Shikamoo, mzee wangu!" nikamwamkia kwa unyenyekevu.

"Ma-ra-ha-ba."

Nilipotoka nje, nikakuta kijana wa miaka kumi na tisa, chunusi usoni, kifuani kibao kimeandikwa "Mzee". Kumbe kwao mmisionari yeyote wa kiume huitwa hivyo! Nilikasirika kwelikweli. Mimi uzee wa kanisa niliupata baada ya miaka thelathini ya kufagia na kuomba; huyu kaubandika shatini!

"Baba Neema," mke wangu akacheka, "umemwamkia mjukuu!"

Kijana akafungua daftari, uso umejaa furaha. "Mwalimu, nimejibu vizuri?"

Ilinibidi niseme kweli. "Vizuri sana."