Injini Niliyoilaza Vibaya

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa mwezi wa kumi, mwishoni mwa miaka ya sitini, katika karakana ya boti pembezoni mwa Stockholm. Nilifika nimevaa suti na tai. Nilikuwa nimetoka Tanga, nilikokuwa fundi wa mashine za mkonge, nikaja kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Fundi Mkuu, mzee mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, alinitazama kuanzia viatu hadi tai akasema, "Leo hatuziki mtu." Kisha akanirushia ovaroli.

Ninyi vijana mnaobonyeza kitufe na injini ikaitika, niwaeleze kazi ilivyokuwa. Kabla ya baridi kali, boti zilitolewa majini na kila injini ikalazwa. Kulaza maana yake ni kuondoa betri, kutia oili kidogo ndani ya silinda, na juu ya yote kumwaga maji yote yaliyomo kwenye bloku, yaani lile pande kubwa la chuma linalobeba silinda. Maji yakiganda hutanuka, na yakitanuka hupasua chuma. Nilisikia hayo nikaitikia kwa kichwa, ila moyoni sikuamini. Maji yapasue chuma?

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Aliyelaza injini aliandika jina lake kwenye lebo ya karatasi ngumu na kuifunga kwenye usukani. Baridi ikiisha, ni yeye aliyepaswa kuiamsha, mwenye boti akiwa amesimama pale pale anatazama. Hapakuwa na pa kujificha. Nami nilikuwa na jambo jingine kichwani: Fundi Mkuu ndiye angeamua, boti zikisharudi majini, kama nitaajiriwa au nitarudi Tanga bila cheti. Nilikuwa nimeagwa kwa ngoma na pilau. Kurudi mikono mitupu nisingeweza.

Mwezi wa nne, siku moja kabla ya mama mmoja, muuguzi mstaafu, kuja kuchukua boti yake, nilitaka kuijaribu injini yake, niliyoilaza mimi, peke yangu nisije nikaaibika. Ilizunguka lakini haikuwaka. Nikafuata utaratibu niliofundishwa: kwanza umeme, halafu petroli. Betri ilikuwa nzima. Nikafungua plagi, nikazisugua, cheche zikaonekana. Nikafungua kabureta, ile sehemu inayochanganya petroli na hewa, nikakuta petroli ya mwaka uliopita imekuwa kama gundi. Nikasafisha vitundu vyake, nikaunga mpira wa maji wa kupoozea injini, nikajaribu tena. Ikawaka! Nilicheza peke yangu pale.

Baada ya dakika kumi nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia ndani. Nikazima, nikainama na tochi. Ubavuni mwa bloku palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikaitoa lebo yenye jina langu, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu nyumbani.

Wakati huo nilipanga chumba Sundbyberg, mji mdogo jirani na Stockholm, na Otieno, mwanafunzi kutoka Kisumu. Jioni ile nilimweleza yote.

"Ati unataka kwenda kujishtaki?" aliuliza. "Wewe! Hiyo si karatasi tu? Choma hiyo kitu, basi. Nani atajua?"

Nami, nasema kweli, nilikubaliana naye, ingawa lebo ilibaki mfukoni bila kuchomwa.

Asubuhi yule mama alifika na kikapu cha kahawa na maandazi ya iliki, akatumiminia sote. Fundi Mkuu akaukuta ufa. Akatafuta lebo, hakuiona.

"Nani aliilaza hii?"

Fundi mwenzetu mmoja, Mfini asiyesema maneno matatu kwa siku, akakuna kichwa. "Labda ni mimi," alisema. "Nililaza nyingi."

Nikaliweka andazi chini. Nikaitoa lebo mfukoni. "Ni mimi, Bwana Mkuu."

Aliisoma taratibu. "Ulifungua bomba la kumwagia maji?"

"Nilifungua."

"Likatoa maji?"

"Hapana."

"Ukafanya nini?"

"Nikalifunga. Kwetu, bomba lisipotoa maji, maana yake maji hayapo."

"Hapa," akasema, "maana yake limeziba." Akachukua waya mwembamba, akachokoa bomba lile. Likatoka tope la kutu, na nyuma yake maji yakachuruzika sakafuni.

Kisha akamgeukia yule mama. "Kosa ni letu. Nilimpa kazi huyu bila kumwonyesha waya. Tumia boti yangu mpaka hii ipone." Akatoa kalamu, akaandika jina lake chini ya langu, akaifunga lebo usukanini. Mimi akaniambia, "Bloku hii tutaibadilisha pamoja, mimi na wewe. Halafu hutaificha lebo tena."

Tuliibadilisha, na majira ya joto yalipofika nikapata ajira. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikaribia sana kufa tasa.

Nilikaa katika kazi ile hadi nilipostaafu. Nilihamia karakana nyingine mbili, nikawa msimamizi, nikafundisha Waswidi wenyewe kulaza injini zao, na kila mmoja nilimpa waya kabla ya spana. Waliokosea niliwakemea, maana hasira ninayo, lakini mbele ya mteja nilisimama mimi. Watoto wangu husema, tena kwa Kiswidi, kwamba simulizi hii wameichoka. Waichoke tu.

Jambo moja linaniuma. Sikuwahi kumshukuru mzee yule. Mwanzoni Kiswidi changu hakikutosha. Kilipotosha, niliona haya. Haya iliponiisha, nilikuwa nimesimama kando ya kaburi lake nimevaa suti, na watu wote walikuwa wanalia kwa sauti ya chini isipokuwa mimi, niliyelia kwa sauti yote ya Tanga.