Wote Walivaa Kitenge Kimoja

Nikiwa kijana niliuza nyanya Ilula. Basi likisimama tunakimbilia madirishani. Siku moja nilimpandishia abiria ndoo nzima, basi likaondoka nayo, na ndoo yenyewe ya mama. Kurudi nyumbani naogopa. Msichana muuza vitunguu akaniazima ya kwao. Huyo ndiye niliyemuoa, tukahamia Mbeya, tukazeeka, mwaka juzi akafariki. Naruka mengi, mnisamehe.

Picha zake za ukutani ninazo. Inayotembea ni moja tu, video ya simu, tulipomuaga binti wa jirani anayeolewa. Usiku, umeme umekatika, kina mama wote wamevaa sare, kitenge kimoja. Giza na chenga tupu, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Kila mgeni nilimwonyesha: "Yule anayecheza mbele ndiye mama mwenye nyumba hii."

Lakini sura haionekani, na mimi sura ndiyo niliyoitaka. Nikaenda kwa dada mmoja mjini anayehariri video za harusi kwenye kompyuta.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Washa mwanga wote."

"Nikiwasha wote, na chenga zitawaka. Haya, ona."

Kweli, kama mtu kamwaga majivu. Akarudisha, akainua mwanga pole pole palipo giza tu. Kisha akafuta chenga, nyuso zikawa laini kama sabuni iliyolala majini.

"Umewafanya wanasesere hao. Rudisha chenga kidogo."

"Babu, kesho unaniachisha kazi wewe!"

Akarudisha. Yule anayecheza mbele akageuza uso. Mke wa mzee wa kanisa! Jumapili tu nilimsalimia, mzima wa afya. Muda wote huo namlilia mke wa mtu. Fundi alicheka mpaka akaomba radhi.

"Sasa bibi yuko wapi?"

"Jaribu pembeni kule."

Akapandisha mwanga kwenye kona. Kwenye benchi, viatu kavua, mwanamke anapiga makofi nje kabisa ya mdundo. Kanisani alikuwa hivyo hivyo, kwaya ilimhamisha nyuma kwa ajili hiyo. Kucheza hakujua kamwe, nilipaswa kukumbuka mapema.

"Ndiye," nikasema.

Fundi akanirushia kwenye simu. Namshukuru mpaka leo, alivyokuwa mvumilivu.

"Kesho njoo babu, niiweke rangi, na hizo chenga nizimalize."

"Mungu akubariki, mjukuu wangu."

Nikavaa kofia, nikatoka. Kesho yake sikwenda, wala sijarudi tena pale; nilishamwona, chenga na zikae.