Nibu ya Maalim Shafi

Maalim Shafi hajui kukataa zawadi. Kuna mtu alimshonea kanzu iliyomfika katikati ya muundi, naye akaivaa Ijumaa baada ya Ijumaa mpaka ikachakaa, huku sisi wanawake tukiziba midomo kwa mitandio. Ukimpikia pilau ukazidisha chumvi, ataomba aongezewe. Mimi namjua tangu nikiwa na miaka sita, kwani ndiye aliyenifundisha kuandika Kiarabu katika madrasa ya nyuma ya msikiti hapa Bungoma. Sasa nina miaka hamsini na miwili, ni mjane, nauza vitunguu kwa jumla, na bado nikikutana naye njiani nakaza mtandio.

Msikitini kwetu tuna mazoea yetu. Cheti cha ndoa cha serikali hujazwa na wenye ofisi zao. Lakini karatasi ya kutundika ukutani, yenye majina ya maharusi na dua kwa Kiarabu, na chini mstari mmoja wa Kiswahili wenye tarehe, hiyo ni kazi ya Maalim. Huiandika kwa kalamu ya wino na hataki kusikia habari za biki. Yangu iko sebuleni. Mume wangu amefariki miaka tisa sasa, na kuna siku nasimama mbele ya ile karatasi nikasoma jina lake kama vile silijui.

Basi kalamu ya Maalim ikapasuka shingo, ikawa inamwaga wino kwenye mfuko wa kanzu. Wanawake tukakubaliana tumpe nyingine siku ya Idi, kalamu ya maana. Ilipoulizwa nani ataenda kuichagua, nikawaambia waniachie mimi. Najisifu, lakini ni kweli: wauzaji wa soko la Chwele wananijua. Nikibonyeza kitunguu kimoja kwa kidole gumba, najua gunia zima likoje. Nikichagua kitu, kimechaguliwa.

Kalamu nzuri ziko Kitale, kwenye duka la vitabu la mama mmoja Mhindi anayeitwa Hemali, mzaliwa wa huko huko. Nilimkuta amevaa miwani kwenye ncha ya pua. Akanitolea sinia ya mbao iliyotandikwa kitambaa, kalamu zimelala juu yake zimepangwa kama vijiko vya wageni.

"Ni zawadi ya nani?" akaniuliza.

"Ya mtu."

"Huyo mtu anaandika aje? Uko na karatasi yake yoyote, hata kama ni ya kutuma mtu sokoni? Mimi huwa sipendi kuuza nibu kama sijaona mkono ya mwenyewe."

Nikamwona mama ana udaku. Mtu na kalamu yake, mwandiko wake wewe unautakia nini? Nikamwambia, "Mama, mimi nimekuja kununua kalamu, sijakuja kuposa."

Alicheka tu, akaniwekea chupa ya wino na karatasi. Nilijaribu tatu. Niliyoipenda ilikuwa nyeusi, ina kishikio cha rangi ya dhahabu, na nibu yake, ile ncha ya chuma inayoandika, ndiyo iliyokuwa nyembamba kuliko zote. Mstari wake ulikuwa mwembamba kama unywele, nami niliamini kitu chembamba ndicho cha kifahari. Nikaandika jina langu kwa herufi za shule, Arafa Nasir, Bungoma. Kalamu ikaenda vizuri.

"Hiyo ni kali kidogo," Hemali akasema. "Si kila mtu anaiweza. Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Siku ya Idi nilishika kipaza sauti mbele ya msikiti mzima. Nikaeleza kwamba nimekwenda Kitale kwa miguu yangu mwenyewe, nimejaribu kalamu zote za duka, na hii nimeichagua mimi. Maalim akafungua kiboksi, akaandika neno moja kwenye kipande cha karatasi, akakikunja upesi na kukitia mfukoni. Akasema hajawahi kushika kalamu kama ile. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Miezi miwili baadaye ikawa zamu yangu. Binti yangu Bilan alikuwa anaolewa Jumapili, na asubuhi ya Jumatano nikaenda kwa Maalim na majina ya maharusi. Mkewe, Bi Suad, akanipokea mlangoni, akanivuta kando.

"Arafa, Maalim haandiki tena. Tangu Idi. Ameambia mwenyekiti wa msikiti watafute mtu ingine, ati mkono wake umeisha."

Niliingia nikamkuta ameketi na tasbihi yake, mkono ule ule unahesabu punje moja moja bila kutetemeka hata kidogo. Akaniuliza habari za Bilan, akamwombea dua ndefu. Nilipotaja karatasi akaangalia chini.

"Mkono umezeeka, mwanangu. Watapiga chapa na kompyuta, itatoka safi."

"Maalim, mimi sitaki safi. Nataka yako."

"Utanisamehe," akasema.

Sikuwahi kumsikia mtu yule akiniomba msamaha. Nikatoka nje nikiwa nataka kulia na kugombana kwa pamoja, na wa kugombana naye sikumwona. Nilikuwa nimemzoea kama mtu anavyozoea paa la nyumba yake, sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ataacha. Bi Suad akanifuata hadi langoni, akanitilia kitu mkobani: kiboksi cha kalamu, na karatasi mbili ambazo Maalim alikuwa ameziharibu na kuzitupa.

Niliziangalia nikiwa nimesimama pale pale. Mistari ya Kiarabu ilikuwa imechimbika, karatasi imetoka nyuzi, na matone ya wino yameruka huku na huku. Lakini chini, kwenye mstari wa Kiswahili, mwandiko ulikuwa umenyooka na safi kama zamani. Damu ikanichemka. Huyu Hemali ameniuzia kalamu mbovu, nikasema, na leo atanijua. Saa saba nilikuwa Kitale.

Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, na mengine ambayo sikuyapanga. Hemali akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akazitandaza zile karatasi mezani, akazivutia kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu mtu iko na mkono nzuri sana," akasema. "Angalia hapa chini. Ni mkono moja, ni kalamu moja. Hapa inapita, hapa inachimba. Si anaandika Kiarabu?"

"Ni mwalimu wa Kiarabu."

"Na hukuniambia."

Akanisukumia karatasi na ile kalamu. "Andika jina yako. Lakini na Kiarabu."

Nikaanzia kulia, kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka sita. Herufi ya kwanza haikufika mwisho. Nibu ilikwama kwenye karatasi kama jembe kwenye mzizi, ikaruka, ikanimwagia nukta za wino hadi kwenye kidole.

Hemali akanieleza polepole, wala hakunisimanga. Anayeandika kutoka kushoto kwa mkono wa kulia huiburuta nibu, nayo hufuata nyuma. Anayetoka kulia huisukuma mbele, na ncha nyembamba ikisukumwa hudunga karatasi. Mtu kama huyo anataka nibu nene, ncha yake iwe ya mviringo. Ndiyo maana huuliza mwandiko kabla ya kuuza. Akafungua droo, akachagua nibu moja, akaisugua mara chache juu ya karatasi laini ya kung'arishia, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akaisugua tena. Alipoifunga kwenye kalamu akanipa niandike. Jina langu likapita lote bila kukwama popote, nene na lenye kung'aa. Nilimwomba radhi kwa maneno ya mchana ule na kwa yale ya siku ya kwanza. Akaniambia karibu tena, na safari ijayo nije na mwandiko.

Kesho yake asubuhi nikampelekea Bi Suad kalamu, nikamweleza yote. Yeye akanishauri vizuri. "Irudishe tu kwa kabati. Siku moja ataijaribu, atajua mkono wake haina shida. Hakuna haja ya kusema mengi."

Shauri lile lilinipendeza sana. Hakuna mtu angejua kwamba Arafa, anayejua gunia kwa kitunguu kimoja, alimnunulia mwalimu wa Kiarabu kalamu isiyoandika Kiarabu. Lakini nikafikiria yule mzee akiamka kila siku akiamini kwamba amekwisha, na kabati limefungwa. Nikaingia.

"Maalim," nikasema, "mkono wako ni mzima. Nibu ndiyo mbaya, na mimi ndiye niliyeichagua. Mwenye duka aliniuliza mwandiko wako nikamjibu ovyo. Nimeibadilisha."

Nikaweka kalamu mbele yake. Hakuishika. Aliitazama, kisha akanitazama mimi kwa aibu, kama ni yeye aliyekamatwa.

"Najua ni nibu," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Siku ya Idi. Herufi ya kwanza. Mimi nimeshika kalamu miaka sitini, Arafa."

"Na ukawaambia watu mkono wako umeisha?"

"Ningesema nini? Kama ningeshika kalamu ingine mngeniuliza ile yenu iko wapi. Wewe ulisimama mbele ya watu wote. Ulikuwa umefurahi sana." Akatabasamu kidogo. "Mkono yangu wakiisema haiumii. Mimi ni mzee, si wangesema tu hata hivyo? Lakini wewe ungeumia."

Nilimkasirikia mtu yule kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na nikamwambia. Nilimwambia kwamba mji mzima unamhurumia, kwamba mkewe hapati usingizi, kwamba kazi ya maisha yake aliiweka kabatini ili mimi nisione haya kwa ajili ya kalamu. Nikamwambia nampenda kama baba aliyenizaa, na hilo pia nilimwambia kwa ukali, kwa sababu sikujua kulisema vingine.

Maalim Shafi akangoja nimalize. Kisha akasogeza meza ndogo, akatandika karatasi mpya, akavuta kifuniko cha kalamu na kuuliza majina kamili ya bwana harusi, ya baba yake, na ya babu yake. Nikayataja moja moja, polepole, naye akawa ananingoja.