Kwenda Kibeho na Wifi Ambaye Sikumwalika

Safari ya Kibeho niliipanga kwa ajili ya watu wawili tu, mama yangu na mimi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili wenzangu wa Bariadi, wanaonisimamisha kila Jumapili nje ya kanisa na kuniuliza kama tulifurahi, waelewe kwa nini huwa nakohoa kwanza ndipo nijibu.

Mama alikuwa amesikia habari za Kibeho redioni kwa miaka. Ni mji mdogo wa milimani kule Rwanda, ambako Bikira Maria aliwatokea wasichana wa shule, na mahujaji huenda kutoka kila upande. Kila nilipokwenda kumsalimu kijijini kwake, Ipililo, alinikumbusha kwamba angependa kupaona kabla miguu haijamgomea kabisa. Kwa hiyo parokia yetu ilipotangaza hija, nililipia nafasi mbili siku ile ile. Ukweli ni kwamba hamu yangu haikuwa Kibeho. Nilitaka siku chache za kukaa na mama bila mtu katikati yetu. Anaishi na kaka yangu Masunga na mke wake Kabula, na mimi nikifika pale napewa kiti, nachinjiwa kuku, naulizwa habari za mjini. Kisha mama anageuka na kumwita Kabula amkune mgongo.

Mimi ni fundi cherehani. Nikanunua kitenge cha bluu chenye maua meupe, nikashona magauni mawili yanayofanana, moja lake na moja langu. Nilijiona tayari tunapita katikati ya watu, mama na bintiye, na wanaotutazama hawana haja ya kuuliza. Nilipompigia simu kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wabeja, ng'wanone," akanishukuru kwa Kisukuma, akiniita mwanangu. "Na Kabula je?"

"Mama, nafasi ni mbili."

"Basi nendeni nyie. Mimi huko nani ataniogesha?"

"Mimi nipo."

Nikasikia kuku wanalia nyuma yake. "Wewe mtu wa mjini," akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniuma zaidi. Nikalipia nafasi ya tatu huku meno yamekazana.

Jambo moja lazima niliongeze, na Msukuma yeyote atalielewa. Ng'ombe waliotolewa nilipoolewa ndio hao hao Masunga aliowapeleka kijiji cha Kasoli kumuolea Kabula. Huyu binti aliyekalia nafasi yangu kwa mama aliletwa na ng'ombe wangu mimi. Nilikuwa nikilifikiria hilo kila nilipokanyaga cherehani wiki ile, na sindano mbili zilivunjika.

Ipililo, siku moja kabla ya kuondoka. Nilitangulia ili tulale pamoja na kuamka pamoja. Nilimkuta mama uani, Kabula anamchambulia mchicha miguuni pake. "Mwadila, mayu," nikamsalimu, na kabla hajamaliza kuitikia nilikuwa nimeshalitoa gauni kwenye mfuko. Akaingia ndani kulivaa. Alipotoka, mabega ya gauni yalikuwa yamemshuka mpaka karibu na viwiko, na kiuno kilikuwa kimefika kwenye mapaja. Mama alikuwa amepungua, nami sikuwa nimeona. Nilishona kwa kumbukumbu, nikamshonea mama wa zamani, yule aliyekuwa akibeba gunia la pamba bila kusaidiwa.

"Ulinipima lini?" akauliza. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anataka kujua tu.

Mimi ambaye hata shemeji yangu simkatii kitambaa bila kumpima nikainamia pindo la gauni. Nikasema nitalipunguza usiku huo kwa mkono. Mama akakataa, akasema kitambaa kizuri hakikatwi mara mbili. "Mvalishe Kabula, tuone."

Lilimkaa Kabula kama vile nilimpima yeye.

Maswa, alfajiri. Kosta ya hija ilitoka Bariadi na kutuchukua stendi. Dereva alipotuona mimi na wifi yangu tumevaa sawasawa, katikati yetu mama kavaa gauni lake la zamani la kahawia, alitupongeza kwa kuwa na sare. Viti vilikuwa viwili viwili. Mama alikaa dirishani, akapiga kiti cha pembeni kwa kiganja. "Kabula, kaa hapa, wewe unajua namna ya kuninyoosha goti." Mimi nikakaa nyuma yao na mzee mmoja katekista, mtu mwema sana aliyelala kuanzia pale mpaka Shinyanga. Rozari ilipoanza nilisali na wengine. Macho yangu yalikuwa kwenye vile vichwa viwili mbele yangu, jinsi vilivyokuwa vikiegemeana kila tulipopunguza mwendo kwenye matuta.

Kahama, mchana. Tulisimama kula. Nilimnunulia mama wali na kuku wa kuchoma, nikamchagulia paja. Aliitazama sahani, kisha akamgeukia Kabula, na Kabula akatoa kwenye kikapu matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga.

"Tumbo langu linayajua haya," mama akaniambia. "Usikasirike."

"Sijakasirika," nikasema, nikala sahani yangu, nikala na yake.

Baada ya Nyakanazi nchi ilianza kupanda na kushuka. Sisi ni watu wa tambarare, tumezoea kumwona mgeni akiwa bado mbali, na vilima vile vilivyoficha barabara vilimtia mama wasiwasi. Kila mteremko aliushika mkono wa Kabula. Tulilala Benaco kwenye nyumba ya wageni, chumba kimoja chenye vitanda viwili. Sina haja ya kueleza nani alilala peke yake.

Rusumo, asubuhi. Hapa ndipo mpaka ulipo, na mto Kagera unaporomoka chini ya daraja kwa kelele. Hati zetu za dharura zilikuwa sawa. Kilichotuchelewesha ni mifuko ya plastiki, maana Rwanda huruhusiwi kuingia nayo, na matobolwa ya mama yalikuwa ndani ya mfuko. Nilivua kanga yangu ya mabegani haraka, nikaitandaza. Mama alikuwa ameshayamwaga kwenye ya Kabula. Ng'ambo ya daraja gari lilihamia upande wa kulia wa barabara, mama akafumba macho, na katekista akatutangazia kwamba saa za huku ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

"Basi nimeongezewa saa," mama akasema bila kufumbua macho, na gari zima likacheka. Nilicheka nami. Tangu Ipililo ilikuwa mara ya kwanza.

Kibeho, jioni. Barabara ilizunguka milima mpaka masikio yakaziba. Pande zote kulikuwa na mashamba ya chai na migomba, ukungu ukishuka juu yake, na baridi ambayo Bariadi hatuijui hata mwezi wa saba. Kwenye nyumba ya mahujaji tulipokelewa na Sista mmoja mnene, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha taratibu. Alimshika mama mikono yote miwili, akatutazama mimi na Kabula ndani ya bluu yetu.

"Karibuni sana, poleni na safari. Mama, hawa mabinti zako ni mapacha?"

"Huyu nimemzaa," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Huyu mwingine aliletwa na ng'ombe wa mwenzake."

Sista alielewa mara moja. "Kwetu pia ng'ombe hufanya kazi hiyo," akasema, na wote watatu wakacheka sana. Mimi nilibeba mizigo.

Chumbani maji ya moto yaliletwa kwenye ndoo. Nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni niliposikia, "Kabula, njoo." Wakaingia bafuni. Nilikaa kitandani nikisikiliza maji yakimwagwa kidogo kidogo, na mama akisimulia kitu ambacho sikukisikia vizuri, na Kabula akiguna pale panapofaa. Niliona wivu. Mwanamke mzima mwenye wajukuu, katika mahali patakatifu, namwonea wivu mtu kwa sababu ya ndoo ya maji.

Siku ya pili Kibeho. Misa ilijaa watu wa lugha nyingi, na nyimbo ambazo hatukuzijua tuliziitikia hivyo hivyo. Mama alitembea mpaka mbele, mimi upande huu na Kabula upande ule, na watu walitupisha, wengine wakatupiga picha. Alipopiga magoti kwa shida mbele ya sanamu, alilia bila sauti, na nilifurahi kwamba nimemfikisha. Hilo sitaki lipotee katika malalamiko yangu. Nami nikajaribu kusali. Nilichoweza kumwambia Mama wa Mungu ni kwamba yeye amshukuru Mungu, mwanawe hakuoa.

Mchana tulimwacha mama akiota jua na Sista, tukashuka mimi na Kabula kwenye chemchemi kuchota maji ya kupeleka nyumbani. Njia ni mteremko mrefu wenye utelezi. Kabula alikuwa na madumu mawili. Nilidhani moja ni la mama na moja ni la Masunga, nikamwuliza.

"Hili la mama," akasema. "Hili lingine la mama yangu, Kasoli."

Nikagundua kwamba miaka yote hii sikuwahi kumwuliza habari za mama yake. "Hajambo?"

"Anaumwa miguu kama huyu wetu. Mke wa kaka yangu anamtunza." Aliinama kukinga dumu, akaongea na maji. "Nilikwenda baada ya mavuno. Nikataka kumwogesha. Akaniambia, acha, mwanangu, wewe mgeni, huyu ndiye anajua mgongo wangu. Wifi, nilikaa nje kwenye kiti nikawasikiliza wanacheka."

Nilichukua dumu la pili, nikalikinga.

"Na huyo mke, kaka yangu alimwoa kwa ng'ombe wangu mimi," akaendelea. "Ndio hao hao waliotoka kwenu. Hawakulala hata msimu mmoja zizini kwa baba." Sasa aliniangalia, na niliijua ile sura, maana nimeibeba mimi mwenyewe. "Nilipofika hapa nilitaka kumwombea mama. Nikajikuta namsengenya yule mwanamke kwa Bikira Maria."

Nilicheka mpaka nikashika mti. Yeye akacheka pia, kisha akafuta macho kwa pindo la gauni nililoshona. Nilikuwa namfikiria dada wa mume wangu, anayekuja kwangu kutoka kijijini Ngulyati kumwona mama yake, yaani mama mkwe wangu ninayeishi naye, na jinsi ninavyomwekea soda mezani na kumwambia apumzike, mimi nitamhudumia bibi. Hata siku moja sikujiuliza kama anakunywa soda ile kwa raha.

Kupanda tulibeba madumu kwa zamu.

Kurudi. Njia ilikuwa ile ile, nami sitaisimulia upya. Nilibadili jambo moja. Kosta ilikuwa inatushusha Maswa na kuendelea Bariadi, na kutoka Bariadi kwenda Kasoli si mbali. Tulipokaribia Shinyanga nilimwambia Kabula asishuke nasi. Aende kwa mama yake na dumu lake, akae mpaka achoke, mimi nitakaa Ipililo. Akamtazama mama. Mama akatazama dirishani, akasema, "Mwache mtoto akamwone mama yake," nami sikuweza kutambua kama ni ruhusa au ni huzuni.

Stendi ya Maswa, Kabula alichungulia mlangoni mwa gari akinipa maelekezo, na maelekezo hayakwisha. Uji uwe mwepesi na usiwe wa moto. Goti la kushoto lisikunjwe kwa ghafla. Akisema ameshiba, ngoja kidogo, umpe tena. Niliyasikiliza yote na wivu ukanipanda upya, kwa jinsi alivyomjua. Msidhani ulibaki Kibeho.

Wanaotaka kwenda wajue haya. Bebeni sweta, na soksi nzito za wazee. Hati ya kusafiria ishughulikieni mapema, na mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Na kama mnampeleka mzazi, msimtengenezee safari ya kuwarudisha nyinyi utotoni. Yule mnayemkumbuka hasafiri tena. Anasafiri huyu aliyepo, na ana watu wake.

Ipililo, jioni ile ile. Nilichemsha maji, nikayajaribu kwa kiwiko, nikampeleka mama bafuni. Mgongo wake ulikuwa mdogo sana. Nilipaka sabuni kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote, kisha nikainua kopo kumwagia kichwani, na nikamwaga vibaya. Povu lote lilimwingia machoni. Mama alishtuka, akashika ukuta, akawa anapepesa bila kuona. Nilisimama na kopo mkononi, nikajua sasa atamwulizia Kabula anarudi lini, na nikajua kwamba atakuwa na haki.

Alijipangusa uso kwa kiganja, polepole.

"Hata yeye, mwanzoni, alinimwagia machoni," akasema. Kisha akainamisha kichwa tena, akasubiri.